Redio ya kwanza ilikuwa ya babu, ya pili ndiyo iliyoniponza. Wewe ulianzaje kukusanya redio za zamani?

Karani_wa_Mkonge (mwenye uzi)

Wakuu habari za jioni.

Juzi kijana kaja nyumbani kununua mbuzi, akachungulia sebuleni akaniuliza, "Mzee, redio zote hizi unamsikiliza nani?" Sikuwa na jibu. Zipo 23, zinazoimba ni tisa. Mbuzi akauzwa, kijana akaondoka, mimi nikabaki na swali lake. Nimeona nilete hapa, maana najua humu kuna wagonjwa wenzangu.

Mimi nipo Tanga. Babu yangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, enzi mkonge ni mkonge kweli. Shamba lilikuwa na jenereta, nyumba za makarani zikipata umeme saa chache za jioni, na babu akanunua Philips ya mbao ya kuchomeka ukutani. Kwa vijana ambao hawajaiona redio ya vali: ndani mna vitu kama glopu nyembamba, vinne au vitano. Vikipata joto vinakuwa na rangi ya kaa la moto, na kabla ya hapo redio haisemi kitu. Unawasha, unasubiri kama nusu dakika, halafu sauti inakuja polepole kama mtu anayetokea chumba cha ndani huku anazungumza.

Ilikuwa na kitambaa chake alichokifuma bibi, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Sisi mkekani, majirani dirishani, tunasubiri ngoma ya taarifa ya habari ya RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam. Matangazo ya vifo yalisikilizwa kwa ukimya kuliko habari zenyewe. Hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978, ya vita na Amin, niliisikia pale nikiwa na miaka minane. Maneno nimekuja kuyajua ukubwani. Nilichokibeba siku ile ni babu kuvua kofia yake na kuiweka gotini.

2009 bibi akafariki. Baada ya arobaini ndugu wakagawana vitu. Cherehani ikaenda kwa shangazi mkubwa, kabati kwa baba mdogo, hata kinu kilipata mtu. Redio hakuitaka mtu. Ilikuwa stoo, kuku katagia juu yake. Nikaibeba. Nilipofungua mgongo nilikuta kiota cha nyigu cha udongo, mayai mawili ya mjusi, vumbi laini kama ugoro, na karatasi iliyokunjwa mara nne: risiti ya leseni ya redio, jina la babu limeandikwa kwa kalamu ya wino. Zamani kumiliki redio kulikuwa na leseni, unakwenda kulipia posta. Risiti hiyo ninayo ndani ya Msahafu mpaka leo.

Halafu nikafanya ujinga. Nikapangusa vumbi, nikachomeka kwenye umeme. Ikanguruma. Nikafurahi. Nta ikaanza kudondoka, harufu ikajaa chumba, moshi ukatoka mgongoni. Redio iliyokaa kimya miaka zaidi ya ishirini niliiua kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini.

Fundi akaniambia transfoma imeungua, tafuta redio kama hiyo uitoe ya kwake. Nikazunguka miezi minne. Nikaipata kwa mnunua chakavu mmoja, pacha wake kabisa, ubavu mmoja umeliwa na mchwa, kitufe kimoja hakipo. Elfu 15. Niliinunua kwa nia moja tu: nitoe transfoma, mengine nitupe. Fundi akasema ngoja tuijaribu kwanza kabla ya kuichinja. Akabadilisha kapasita tano, vile vidude vya kutunza umeme, akaiwasha taratibu kupitia glopu, ikaimba.

Sasa niambieni, redio inayoimba unaichinjaje?

Ikabidi nitafute ya tatu ili nitoe transfoma. Nayo ikaimba. Ya babu haijaimba mpaka leo, wakuu. Hizo 23 zimeingia nyumbani kwa jina la vipuri vyake.

Ulianzaje wewe?

Nyundo7

Naweka kambi hapa. Mkuu bila picha uzi haujakamilika.

Karani_wa_Mkonge

Picha zitakuja, simu ya mama watoto ndiyo yenye kamera nzuri na leo hatuelewani. Sababu ni redio.

FundiMjiWaKale

Assalaam alaykum. Niko Mombasa. Mimi sikuanza kukusanya, mimi nilirithi deni.

Marehemu baba alikuwa fundi redio, duka la mlango mmoja. Mtu akileta redio, baba anaiandika kwenye daftari: jina, mtaa, ugonjwa, bei. Kikaratasi kimoja kinafungwa kwenye kipini cha redio, kingine anapewa mwenyewe. Wengine hawarudi. Wengine walikuwa mabaharia, wengine walihama, wengine waliona bei ya kutengeneza si mbali na bei ya redio mpya ya Kichina wakaacha tu. Baba alipofariki 1996 nilikuta rafuni redio 31 zilizokuwa zimeshatengenezwa, nzima, zinasubiri wenyewe. Watu wakanambia uza. Nikafungua daftari nikaona baadhi ya majina ni ya watu ninaowaamkia msikitini, nikashindwa.

Katika miaka yote hii wamekuja watatu. Mmoja alikuja na kikaratasi chake miaka 17 baadaye, kimekaa ndani ya kitambulisho. Bei iliyoandikwa ilikuwa shilingi 85. Nikachukua 85.

Basi nikawa nazifungua kila baada ya miezi kadhaa kuziwasha zisife. Humo ndimo nilimojifunza. Watu wakaona rafu imejaa, wakaanza kuniletea nyingine: "Fundi, wewe si unapenda hivi?" Sikuwahi kusema napenda.

Nikiwa hapa niwape moja ya bure. Zile redio za transista za Ulaya za miaka ya 60, Philips na wenzake, nyingi zina transista AF115, AF116 au AF117. Ni kikopo kidogo cha rangi ya fedha chenye miguu minne. Ndani ya kikopo, miaka ikipita, huota nywele nyembamba za bati, zikagusa waya za ndani, redio ikanyamaza. Watu hutupa redio nzima. Mguu mmoja kati ya ile minne ni wa ngao, umeungwa na kopo lenyewe. Ukate huo peke yake. Mara nyingi redio hurudi papo hapo, hata risasi hujayeyusha.

Nyundo7

Shilingi 85 😂 Fundi wewe si mkusanyaji, wewe ni mlinzi wa lango.

MzeeWaDili

Wakuu nani ana National au Philips ya zamani yenye zebaki nyekundu? Kuna mteja kutoka nje yuko tayari, kuanzia milioni 200. Serious tu, njoo PM. Namna ya kupima nitakuelekeza.

Karani_wa_Mkonge

Nilikuwa nahesabu saa tu.

FundiMjiWaKale

Huyu hakosi kwenye uzi wowote wa redio. Nimefungua redio tangu nikiwa na miaka tisa. Hakuna zebaki nyekundu ndani ya redio, ya vali wala ya transista. Mnachokiona kinang'aa kama kioo juu ya vali ni bariumu, imepakwa kiwandani ili ile hewa iliyobakia ndani ya chupa imezwe. Ina kazi nzuri kwenu nyinyi wanunuzi: ikiwa bado ni ya fedha au nyeusi yenye kung'aa, chupa haijaingia hewa. Ikigeuka nyeupe kama maziwa, vali hiyo imeshakufa, usilipe hata ndururu.

Mwaka 2009 huko Saudia uvumi huo huo wa zebaki ulikuwa kwenye cherehani za Singer, watu wakanunua vyuma vya bibi zao kwa bei ya gari. Waliotajirika ni waliouza.

Karani_wa_Mkonge

Na madhara yake tunayaona sisi. Ninafika kijijini Pare, nakuta redio nzuri ya vali imepasuliwa kwa shoka, vali zimevunjwa moja moja. Mzee ananiambia walikuja vijana na sumaku na kitunguu saumu, wakasema wanapima. Redio kuukuu imeokoka jua, mchwa na watoto kwa miaka sitini, inakuja kufa kwa kitunguu saumu.

Mbeba_Box_Ohio

Wakuu salaam kutoka kwenye baridi.

Mimi nilianza mwezi wangu wa tatu Marekani. Jumamosi watu wanauza vitu vya ndani mbele ya gereji, nikaona redio ya plastiki ya kahawia, dola 8. Ilifanana kwa mbali na iliyokuwa kwa mjomba Moshi. Sikuwa na hata kitanda, nilikuwa nalala kwenye godoro la kujaza upepo. Nikainunua.

Hizi za Kimarekani zina siri yake, na mtu akileta huko nyumbani ajue. Hazina transfoma kabisa. Vali tano zimepangwa kwa mfululizo: tatu zinakula voliti 12 kila moja, moja 50, moja 35. Jumlisha, unapata 121, ambazo ni karibu sawa na umeme wao wa ukutani. Ujanja mtupu wa kubana gharama. Lakini maana yake chasisi ya chuma imeungwa na umeme moja kwa moja. Kinachokutenga na kifo ni plastiki ya boksi na plastiki ya kitufe. Mimi kitufe cha sauti kilichomoka, nikashika chuma chenyewe ili nipunguze. Nilijikuta nimekaa chini naangalia dari.

Mwaka uliofuata nikampelekea kaka yangu Moshi moja kama hiyo, nikamwandikia kwa herufi kubwa asiichomeke bila transfoma ya kushusha umeme. Alisoma barua baada ya kuichomeka. Anasema iliwaka vizuri sana kwa muda mfupi sana.

Siku hizi kila Mei nakwenda Xenia, kwenye soko la watu wa redio la Hamvention. Ni uwanja mzima umejaa vyuma. Watu wazima wanasukuma mikokoteni kama wabeba mizigo wa Kariakoo. Nikiwauliza walivyoanza, hadithi ni ile ile ya mwenye uzi: ya kwanza ya mzee, ya pili ya vipuri.

Kuna mzee mmoja wa London, Gerald Wells, ndiye aliyetupita wote. Utotoni alipelekwa shule ya watoto watukutu kwa sababu ya kuiba vyombo vya redio. Alipokua akazijaza kwenye nyumba aliyozaliwa, zaidi ya 1,000, mpaka mwaka 1974 nyumba ikawa makumbusho. Alifariki 2014. Mkuu wa Tanga, 23 ni mafua tu.

Karani_wa_Mkonge

Hii post nimemsomea mama watoto kwa sauti. Haijasaidia.

BintiMalindi

Mie niko Unguja na redio sijui kuitengeneza, wala sina haja. Msinicheke.

Ami yangu alikuwa na ya vali, ile yenye kioo kirefu chenye majina ya miji. Mie hata nikiwa mdogo sauti haikunishughulisha. Nilikuwa nasoma kioo. Hilversum. Beromünster. Kalundborg. Athlone. Nilidhani ni watu. Ami akanambia ni miji, kila mji una mnara, na ukizungusha mshale ukaukuta mji wake, mji unasema. Nikamuuliza Unguja iko wapi. Akatafuta kioo chote, haipo. Akachukua kalamu ya rangi akaweka kitone chekundu pembeni. "Hii hapa." Kwenye kitone kile ilikuwa Sauti ya Unguja. Kingine akaweka cha Cairo, maana Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili 1954, kabla hata ya BBC ambayo ilikuja 1957, na wakubwa zetu wakiifuata kwa hamu, wengine kwa siri.

Ami alipokufa, nyumba ikauzwa, redio ikaenda nikiwa chuoni. Nimeanza kukusanya ili niipate ile. Kila nikisikia nyumba inahamwa Mji Mkongwe nakwenda, natizama kioo kwanza, sitizami kitu kingine. Nimenunua kumi na nne. Vitone viwili vyekundu sijaviona bado.

Nyundo7

Dada umeniliza saa sita mchana kazini.

Asili_Maskati

Mie pia, dada. Babu zangu wa Unguja, sisi tuko Maskati. Kwetu redio ilitangulia kituo: Oman haikuwa na redio yake mpaka 1970. Kabla ya hapo mtu aliyekuwa na chombo alikuwa anasikiliza nchi za wenzake tu. Mzee wangu alikuja na redio yake kutoka Unguja, na hata baada ya Radio Oman kuanza, usiku akirudi kwenye masafa mafupi kuitafuta Zanzibar. Nilianza na hiyo. Sina ya pili. Nimeusoma uzi huu na sasa naogopa kununua ya pili.

Dizaina_Dom

Wakuu mimi nitaonekana mchawi lakini acha niseme ukweli. Mimi nanunua redio kuukuu, natoa vyuma vyote vya ndani, naweka amplifaya ya Bluetooth na spika mpya, mbao napiga vanishi, nauza kwa mahoteli na watu wenye sebule kali. Laki mbili na nusu hadi laki nne. Nimeshafanya kama 20. Na mimi hii ndiyo njia niliyoanzia.

BintiMalindi

Astaghfirullah.

Karani_wa_Mkonge

Mkuu wewe na yule wa kitunguu saumu ni ndugu wa tumbo moja. Yeye anavunja kwa shoka, wewe kwa bisibisi. Redio imetolewa moyo, ini na figo, imebaki ngozi, unaiwekea simu tumboni na kuiita redio. Mtu wa hoteli anapiga nayo singeli. Hapana.

Dizaina_Dom

Mzee heshima yako, lakini nisikilize. Zile 20 nilizikuta wapi? Tatu zilikuwa mabanda ya kuku. Moja mama alikuwa anaiwekea unga. Mbili zilikuwa zinasubiri kuwa kuni. Hakuna mkusanyaji hata mmoja aliyekuwa amefika Kondoa kuzitafuta, nilifika mimi. Leo zipo mezani, zimepigwa vanishi, mtoto anauliza hiki ni nini. Wewe zako 14 zimekaa kimya na hakuna anayeziona isipokuwa wanunua mbuzi.

FundiMjiWaKale

Ana hoja nusu. Redio ambayo mbao ni nzima na chasisi imeoza kwa kutu la bahari, mie mwenyewe siwezi kuirudisha, na sioni dhambi iwe na kazi nyingine. Dhambi ni kung'oa chasisi nzima inayopona. Swali langu ni moja tu kwa huyu kijana: vile vyuma ulivyovitoa umevipeleka wapi?

Dizaina_Dom

Sijatupa. Vipo kwenye magunia mawili stoo, nilidhani ipo siku nitauza shaba. Vali ziko kwenye boksi la mayai. Spika zipo. Transfoma nadhani zipo kama sita, mbili zimeandikwa Philips.

Karani_wa_Mkonge

Mkuu Dizaina, nakuja PM.

Nyundo7

😂😂😂😂 Uzi wa mwaka.

Mpakani_Tunduma

Nimesoma yote. Sisi wa mpakani ndoto yetu ni redio ya sufuria. Mnaijua? Mwishoni mwa miaka ya 40, Lusaka kulikuwa na kituo cha redio kinatangaza kwa lugha za watu wa huku, ila watu hawakuwa na redio. Mkuu wa habari wa serikali, Harry Franklin, akahangaika miaka akiwabembeleza wenye viwanda vya Uingereza watengeneze redio rahisi ya betri, hawataki. Ever Ready ndio waliokubali. Boksi likawa sufuria ya aluminiamu, wadudu hawaingii na haivunjiki, wakaipaka buluu. 1949 ikaingia sokoni kwa pauni 5, na betri yake pauni moja na shilingi tano, ikikaa kama saa 300.

Babu mzaa mama alikuwa mgodini kule Copperbelt akarudi nayo. Nilipozaliwa mimi ilikuwa imebaki boksi tu, na boksi lilikuwa... sufuria. Bibi alikuwa anapimia mahindi. Nilianza kukusanya siku nilipoona picha yake mtandaoni nikaelewa tulikuwa tunapimia nini.

FundiMjiWaKale

Subhanallah. Na sufuria iko wapi sasa?

Mpakani_Tunduma

Usiniulize hilo.

Kijana_wa_Chuo

Shikamooni wazee. Mimi nipo chuo, nina elfu 40, nimevutiwa sana na huu uzi. Kwetu hatukuwa na redio ya babu. Je, inaruhusiwa kuanza bila ya babu? Na nianzie wapi nisilipue hosteli?

Karani_wa_Mkonge

Marahaba. Inaruhusiwa, babu utampata njiani. Kila redio ina mwenyewe, muulize anayekuuzia ilikuwa ya nani, uandike nyuma kwa penseli.

Usianze na ya vali. Chukua ya transista ya betri, National au Philips ya miaka ya 60 au 70, ambayo voliti zake haziwezi kukudhuru. Zipo nyingi kwa sababu zilikuwa zinaundwa hapa hapa, National Dar es Salaam na Philips Arusha. Fungua kifuniko cha betri kabla ya kufungua pochi. Hapo ndipo redio nyingi zilipofia: mtu aliacha mawe ndani, yakatoa maji, springi zikaliwa. Ukikuta unga mweupe au wa kijani usikate tamaa. Kama yalikuwa betri za kawaida za zinki, maji yake yana uchachu, safisha kwa magadi ya kuokea mandazi yaliyolowekwa kidogo. Kama ni alkalini, ni kinyume chake, tumia siki. Mswaki wa zamani unatosha.

Nusa. Ndiyo, nusa. Harufu ya vumbi na nta ni sawa. Harufu ya kuungua, punguza bei.

Angalia uzi wa kutafutia stesheni, ule unaovuta mshale. Ukikatika, usifunge mshipi wa kuvulia samaki kama nilivyofanya mimi kwenye tatu za mwanzo. Unateleza na kuvutika, mshale unakuonyesha kituo kingine na sikio linasikia kingine. Tumia uzi wa kusokota usiovutika.

Jambo la FM watu hulisahau. Nyingi ya hizi hazina FM kabisa, na zile za Kijerumani za zamani zenye nayo huishia 100 au 104. Ukinunua Grundig nzuri ukakuta kituo unachokipenda kipo 107, utaitazama tu. Masafa mafupi usiku bado yana watu, subiri giza na upeleke waya mita kadhaa dirishani.

FundiMjiWaKale

Nyongeza ya kuokoa maisha, siku ukifika kwenye vali au redio yoyote ya umeme. Usichomeke moja kwa moja. Tengeneza kinga: glopu ya wati 100 ya kizamani, ile yenye waya ndani (hizi za LED hazifai), uiunge kwa mfululizo kwenye waya mmoja wa umeme kabla haujafika redioni. Ukiwasha, glopu iking'aa kidogo kisha ikafifia, redio inakula umeme wa kawaida. Iking'aa kwa nguvu ikabaki hivyo, ndani kuna shoti, chomoa. Glopu ndiyo iliyobeba mzigo, transfoma imesalimika. Mwenye uzi angekuwa nayo 2009, leo angekuwa na redio moja.

Tena kapasita za karatasi na nta badilisha zote, usizipime, usizihurumie. Hasa ile moja inayopeleka sauti kwenye vali ya mwisho: ikivuja, inaua vali na transfoma pamoja. Na ukichomoa, umeme unaweza kubaki kwenye kapasita kubwa, voliti mia mbili na zaidi. Mkono mmoja mfukoni. Baba alikuwa ananipiga kofi nikitumia mikono miwili.

Mbeba_Box_Ohio

Mkono mmoja mfukoni, naunga mkono. Mwingine nao ulikaribia kubaki Ohio.

Karani_wa_Mkonge

Mrejesho wakuu, wiki mbili zimepita. Transfoma ya Dizaina imefika kwa basi, imefungwa kwenye kanga. Nyaya zote zinasoma. Matundu ya boliti hayaendani na ya babu, yamekosana kama upana wa kidole. Fundi wangu anataka kutoboa chasisi.

FundiMjiWaKale

Asitoboe! Akate bati jembamba, afunge transfoma kwenye bati, bati kwenye matundu ya zamani.

BintiMalindi

Na kile kioo chake, hebu tuma picha. Kioo tu.

Karani_wa_Mkonge

Hakina kitone, dada. Nimeangalia kwanza kabla ya kukujibu.

Kijana_wa_Chuo

Wazee mimi sikuwasikiliza vizuri. Nilikwenda kutafuta ya betri, nikakutana na ya umeme, ya mbao, macho ya kijani mbele, nikashindwa kuiacha. Elfu 25. Lakini kinga nimetengeneza kama mlivyosema. Nimewasha sasa hivi. Glopu inang'aa sana na haififii.

FundiMjiWaKale

CHOMOA.

Kijana_wa_Chuo

Nimechomoa. Haijatoa moshi.

FundiMjiWaKale

Vizuri. Iache ipoe, usiguse kitu chini ya chasisi leo. Kesho piga picha ya upande wa chini, mwanga wa kutosha, nitakuonyesha pa kuanzia.

Kijana_wa_Chuo

Sawa fundi, asante. Swali moja la mwisho. Yule muuzaji anayo nyingine kama hii hii, haina mgongo na spika imetoboka. Anasema nimpe elfu 10. Niichukue kwa ajili ya vipuri?

Karani_wa_Mkonge

Karibu sana, mwanangu.